KUINUA MIZIGO MIZITO: JINSI YA KUCHAGUA PINGU, KULABU NA BOLTI
Watu wainuapo mzigo mzito kwa winchi au kwa kapi la mnyororo, macho yao aghalabu hutazama vitu viwili tu, yaani mashine na mzigo wenyewe. Mashine ni kubwa, ina kelele na rangi. Mzigo ni mali ya watu. Lakini kati ya mashine na mzigo pana vyuma vidogo viviungavyo, na vingine vyaweza kuingia katika mfuko wa koti. Mzigo wa tani 6 huweza kuning'inia juu ya chuma cha unene wa kidole gumba. Chuma hicho kikikatika, ukubwa wa winchi haufai kitu, na kamba mpya iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haifai kitu vilevile.

Tangu gati za kwanza za maji marefu zilipomalizika Kilindini katika mwaka wa 1926, vitu vizito vya kila namna vimeteremshwa pale: mitambo ya viwanda vya sukari, magurudumu ya reli, mashine za kuchimbia visima. Wafanya kazi wa bandari hujifunza habari za vyuma hivi tangu siku ya kwanza. Lakini leo kazi ya kuinua mizigo haiko bandarini tu. Yuko mwenye mashine ya kusagia unga ambaye hana budi kuishusha injini kutoka lori; wako mafundi wa jua kali wanaoinua injini za matrekta chini ya mwembe; yuko mkandarasi anayeshusha pete za saruji katika kisima. Hao wote hutumia vyuma vilevile, na wengi wao hawakupata mtu wa kuwafundisha.

Na itwaliwe mfano wa kazi moja ya kawaida. Lori limeleta injini ya umeme iliyofungwa juu ya fremu ya chuma, uzito wake tani 6. Fremu ina matundu mawili ya kuinulia, na umbali kati ya tundu na tundu ni meta 2. Winchi ya kukodi imekwisha fika, na mwenye winchi hulipwa kwa saa. Fundi mkuu, mtu mzima wa makamo, apita kutazama kazi ya kijana wake kabla ya kutoa amri.

"Mwanangu, pini ya pingu hii iko wapi?"

"Imepotea, Mzee. Nimetia bolti badala yake. Unene wake ni sawasawa."

"Unene ni sawasawa, nimeona. Ugumu je?"

Kijana hana jibu. Mwenye winchi atazama saa yake. Mwenye mali asema kwa sauti kubwa kwamba bolti ni chuma na pini ni chuma, na kwamba fedha zake zinakwisha. Basi fundi mkuu afungua bolti ile na kuitia mfukoni, na kazi yasimama.

Je, fundi huyo alifanya vyema, au aliwapotezea watu wakati? Ili kujibu swali hilo yafaa kuijua pingu yenyewe.

Pingu inayosemwa hapa si ile ya askari polisi, ijapokuwa jina ni moja. Ni chuma kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi, chenye masikio mawili yaliyotobolewa, na pini ipitayo katika matundu ya masikio hayo. Ziko za maumbo mawili. Moja ina tao jembamba, nayo yafanana na herufi D. Hii yafaa kuunga kitu kimoja na kitu kimoja, ikivutwa moja kwa moja bila kwenda upande. Ya pili ina tao pana kama tumbo la chungu, nayo hutumika mahali kamba mbili au tatu zinapokutana. Fundi akitia kamba mbili katika pingu nyembamba, kamba hubanana, moja humpanda mwenzake, na chuma huvutwa kwa namna ambayo hakikutengenezwa kuvutwa.

Pini nazo ni za namna tatu. Ya kwanza ina hesi, hukazwa katika sikio la pingu lenyewe. Ni ya upesi, yafaa kwa kazi ya kufunga na kufungua kila siku. Ya pili ni bolti maalum yenye nati na kotapini ya kuizuia nati isitoke. Hii yafaa mahali pingu itakapokaa siku nyingi, au mahali mzigo utakapozunguka na kutikisika. Ya tatu haina hesi wala nati, imezuiwa na kotapini peke yake. Hii ya tatu ni ya kuvutia na kufungia mizigo isiondoke mahali pake. Haifai kuinulia kitu juu ya vichwa vya watu.

Sasa turudi kwenye bolti ya kijana. Pini ya pingu nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na madini mengine, kikafuliwa, kisha kikatiwa ugumu kwa moto. Bolti ya dukani aghalabu ni chuma laini. Tena, mtu akiipima pingu yenye tao la unene wa robo tatu ya inchi, ataona kwamba pini yake haina robo tatu, bali ina inchi 7/8. Mtengenezaji hakukosea. Alijua kwamba tao huvutwa tu, lakini pini hukatwa na kupindwa pamoja, kwa hiyo akaifanya nene zaidi. Bolti yenye unene wa tao basi ni nyembamba kuliko pini, nayo hucheza ndani ya tundu. Na ikiwa hesi zake zimefika katikati ya masikio, mzigo hukaa juu ya mifuo ya hesi, mahali bolti ilipo dhaifu kuliko pote. Bolti ya namna hiyo huanza kupinda bila mtu kuona. Ikisha kupinda huyafungua masikio, na masikio yakifunguka hakuna la kufanya.

Jambo linalofuata ni alama. Pingu ifaayo ina alama zilizopigwa katika chuma chenyewe, si karatasi iliyobandikwa wala rangi: alama ya mtengenezaji, ukubwa wake, na uzito uruhusiwao kubebwa. Katika pingu za chuma kilichofuliwa zinazotumika mahali pengi ulimwenguni, ile ya nusu inchi hubeba tani 2. Ya inchi 5/8 tani 3¼. Ya robo tatu ya inchi tani 4¾. Ya inchi 7/8 tani 6½. Na ya inchi moja tani 8½. Hesabu hizi ni za pingu zilizo na alama. Pingu isiyo na alama yoyote, hata ikiwa nene kama mkono wa mtoto, haina hesabu. Mtu hawezi kujua kama ilifuliwa au ilimiminwa katika kalibu kama sufuria. Chuma cha kumiminwa cha namna ya duni hupasuka ghafla pasipo kupinda kwanza. Pingu kama hizo huuzwa kwa bei nyepesi, nazo hung'aa sana. Zafaa kufungia lango la zizi.

Yafaa pia kuangalia neno "tani". Vyombo vya zamani vilivyoletwa kutoka Uingereza vina hesabu ya tani ya ratili 2,240, ambayo ni kilo 1,016. Tani ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907 tu. Tani ya metriki ni kilo 1,000. Uzito wa mashine ukiandikwa kwa tani 6 za Kiingereza, na fundi akadhani ni za Kimarekani, atakuwa amesahau zaidi ya kilo 650, nao ni uzito wa ng'ombe dume mkubwa. Aliye na shaka na aandike kila kitu kwa kilo.

Watu wengine husema: "Mtengenezaji huweka akiba. Pingu ya tani 4¾ haikatiki mpaka ibebe mara 5 au 6 ya uzito huo. Kwa nini kuogopa?" Ni kweli kwamba akiba ipo, lakini akiba hiyo imekwisha kugawanywa kabla mzigo haujainuliwa. Sehemu moja ni ya kutu na kulika kwa chuma. Sehemu nyingine ni ya makosa ya kukisia uzito. Sehemu kubwa ni ya mshtuko: mzigo ukitwaliwa na winchi kwa ghafla badala ya polepole, kamba na vyuma huona uzito uliozidishwa mara mbili, hata kama mzigo haukuanguka hata kidogo. Ukiteleza na kuanguka kiasi cha shibiri moja, kisha ukazuiliwa na kamba, huzidi mara nyingi zaidi. Atumiaye akiba kwa makusudi ni kama mkulima alaye mbegu.

Sasa na ichaguliwe pingu ya kuinulia injini ile ya tani 6. Kamba ni mbili, kila moja yashika tundu lake. Asiyejua atagawanya 6 kwa 2, apate tani 3 kila upande, kisha atwae pingu ya tani 3¼ na kuridhika. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama kamba zote mbili zingesimama wima. Lakini kamba zinakutana juu katika kulabu moja, kwa hiyo zimelala, na kamba iliyolala huvutwa kuliko kamba iliyosimama.

Jambo hili kila mtu aliyechota maji amelionja. Wanawake wawili wakichukua debe la maji kati yao, wakiwa karibu karibu, mikono yao huelekea chini na debe halichoshi. Wakiachana, mmoja akatembea kando ya njia huku na mwingine huko, mikono hunyoka na debe lilelile huwashinda. Maji hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni kuvutana kwao wenyewe kwa wenyewe.

Kwa kamba ni vivyo hivyo, na hesabu yake inajulikana. Kwa mzigo wa tani 6, pembe kati ya kamba mbili pale juu ikiwa nyuzi 60, kila kamba hubeba karibu tani 3 na nusu. Pembe ikiwa nyuzi 90, kila kamba hubeba tani 4 na robo. Ikifika nyuzi 120, kila kamba hubeba tani 6 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Na mtu akiwa mjinga hata akafikisha nyuzi 150, kila kamba hubeba zaidi ya tani 11 na nusu, karibu mara mbili ya mzigo wote.

Fundi hahitaji chombo cha kupimia pembe. Umbali kati ya matundu ni meta 2. Kila kamba ikiwa na urefu wa meta 2, umbo la pembetatu huwa na pande tatu zilizo sawa, na pembe ya juu ni nyuzi 60. Kamba ikiwa na urefu wa meta 1 na sentimeta 41, pembe ni nyuzi 90. Ikiwa meta 1 na sentimeta 15 tu, pembe imekwisha fika 120. Kwa hiyo mafundi wengi hushika kanuni moja rahisi: kamba isiwe fupi kuliko umbali kati ya mahali pawili iliposhika. Kanuni hii yaweza kupimwa kwa kamba yenyewe, kwa kuilaza juu ya mzigo kabla ya kuinua.

Basi kwa kamba za meta 2, pingu za chini ziwe za inchi robo tatu, zenye alama ya tani 4¾. Ile ya tani 3¼ haitoshi, ijapokuwa ilionekana kutosha. Pingu ya juu, inayokusanya kamba zote mbili, hubeba mzigo wote pamoja na uzito wa kamba zenyewe. Hiyo iwe ya inchi 7/8, yenye tao pana, alama yake tani 6½. Pini yake ikae katika kulabu, na kamba zikae katika tao. Ikigeuzwa, kamba zikakaa juu ya pini, kamba zikisogea zitaizungusha pini kama mkono uzungushavyo kifuniko cha chupa, na pini ya hesi itatoka kidogo kidogo wakati mzigo uko hewani. Mahali kamba inapotembea juu ya chuma, itembee juu ya tao, wala si juu ya pini.

Pini ikazwe mpaka bega lake liguse sikio la pingu. Zamani wako mafundi waliofundishwa kuikaza na kisha kuirudisha nyuma robo ya mzunguko, ili isikwame baada ya kazi. Desturi hiyo yapasa kuachwa, kwa maana watengenezaji wa leo huikataza. Pini iliyokwama kwa sababu ya kukazwa vizuri hufunguka. Pini ikwamayo hata isifunguke ni dalili kwamba pingu imezidiwa ikapinda, na hapo ni heri isitumike tena.

Pingu hupenda kuvutwa katika mstari wa katikati yake. Ikivutwa upande kwa nyuzi 45, nguvu yake hubaki asilimia 70. Ikivutwa upande kabisa, kwa nyuzi 90, hubaki nusu. Ndiyo sababu mafundi wenye uangalifu hutia pete bapa za chuma kwenye pini, huku na huku, ili kulabu ikae katikati na pingu isilale upande. Ni kazi ya dakika mbili, na wengi huiruka.

Bolti ya jicho yastahili kuogopwa kuliko vyuma vyote vilivyotajwa, kwa sababu yaonekana salama. Ni ile bolti yenye pete juu, ambayo hukazwa katika mwili wa mashine. Iko iliyo na bega na isiyo na bega. Isiyo na bega ni ya kuvutwa wima tu, basi. Yenye bega yaweza kuvutwa kwa kulala kidogo, lakini nguvu yake hupungua upesi mno: ikivutwa kwa nyuzi 45 kutoka wima, hubaki na kiasi cha asilimia 30 ya alama yake. Kama injini yetu ya tani 6 ingekuwa na bolti mbili za jicho, na kamba zikawa na pembe ya nyuzi 90 pale juu, kila bolti ingevutwa kwa tani 4 na robo huku imebakiwa na chini ya theluthi ya nguvu zake. Ingetakiwa bolti yenye alama ya zaidi ya tani 14! Mtu aliyetia bolti ya tani 4, akidhani amefanya hesabu vizuri, angekuwa ameweka kifo juu ya kichwa cha mwenziwe.

Bolti yenye bega ikazwe mpaka bega likae juu ya chuma bila nafasi, na pete yake ielekee upande ule kamba inakotoka, isivutwe ubavuni. Mahali ambapo kamba lazima zilale, ziko pete za kisasa zenye kuzunguka na kuinama zenyewe kufuata kamba. Hizo hazipotezi nguvu ya alama yao kwa kulala kwa kamba. Bei yake ni kubwa, na yafaa kulipwa. Jambo moja tena husahauliwa sana: bolti ya jicho iliyo juu ya mota ya umeme iliwekwa ili kuinua mota hiyo peke yake. Haikuwekwa ili kuinua mota pamoja na pampu na fremu iliyofungwa nayo.

Kulabu haina maneno mengi. Mzigo ukae ndani ya tumbo lake, usikae kwenye ncha, na kifungio cha mdomo kifunge chenyewe. Kamba mbili zikitiwa moja kwa moja katika kulabu, pembe yao isizidi nyuzi 90; ikizidi, ziunganishwe kwanza kwa pingu ya tao pana. Mdomo wa kulabu ukiwa umefunguka asilimia 5 kuliko ulivyotoka kiwandani, au kulabu ikiwa imejisokota hata kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, muda wake umekwisha. Kwa hiyo ni vizuri kuupima mdomo siku kulabu inaponunuliwa, na kuandika.

Habari ya waya na mnyororo yataka maneno machache. Kamba ya waya ilianza kutumika katika machimbo ya milima ya Harz, Ujerumani, katika mwaka wa 1834, ilipobuniwa na Wilhelm Albert. Alichoka kuona minyororo ikikatika bila kutoa onyo, kwa maana mnyororo wa chuma wa siku zile ulishindwa na pete moja mbaya. Waya hutoa onyo: nyuzi zake za chuma hukatika moja moja na kuchomoza. Onyo hilo lina hesabu. Nyuzi 10 zikiwa zimekatika mahali mbalimbali katika urefu wa msokoto mmoja, au 5 katika mshipi mmoja wa msokoto huo, kamba haiinui tena.

Ncha ya waya ikifungwa kwa klipu zenye umbo la U, upande wa kitako cha klipu ukae juu ya waya ubebao mzigo, na U yenyewe ikae juu ya ncha iliyokatwa. Wengi huzigeuza, au hutia moja huku na moja huko wakipendezwa na umbo lake. U huuma waya ubebao mzigo na kuuvunja. Waya wa nusu inchi wataka klipu zisizopungua 3, wa robo tatu ya inchi 4, wa inchi moja 5, zikiachana kiasi cha mara 6 ya unene wa waya. Nati zikazwe tena baada ya mzigo wa kwanza, kwa sababu waya ukivutwa huwa mwembamba. Hata zikifungwa vizuri kabisa, mahali hapo pana asilimia 80 tu ya nguvu ya waya. Kwa kamba za kuinulia ni bora kununua zile zilizobanwa macho kiwandani, zenye bamba la kuonyesha nguvu zake.

Mnyororo wa kuinulia una alama ya 8 au 10 iliyopigwa katika pete zake. Mnyororo wa kufungia mizigo juu ya lori, au ule wa dukani uliopakwa zinki, si wa kuinulia, hata uwe mnene. Ukiwa mrefu mno usifupishwe kwa fundo wala kwa kuunganisha pete mbili kwa bolti. Wala chuma chochote cha kuinulia kisitiwe kwenye moto wa kulehemu; ugumu aliotia mtengenezaji kwa moto huondolewa na moto, na kwa macho hakuna tofauti itakayoonekana.

Ukaguzi wa kila siku ni wa macho na vidole, na pingu moja haimalizi dakika. Tao na pini zisiwe zimelika hata asilimia 10 ya unene wa kwanza. Pingu ya inchi moja iliyobaki na sehemu 9 za 10 imekwisha. Masikio yawe sawa, pini iingie kwa vidole, pasiwe na ufa wala alama ya moto. Zaidi ya huo uko ukaguzi wa sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa Sheria ya Viwanda ya zamani, yataka minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia vikaguliwe kikamilifu angalau mara moja katika kila miezi 6 na mtu aliyekubaliwa kwa kazi hiyo. Mfanya kazi anaweza kuomba kuona hati ya ukaguzi. Ni kweli kwamba si kila mwajiri apendaye kuombwa hivyo, na wako waliofukuzwa kwa kuuliza. Lakini hati haiwezi kuandikwa baada ya mzigo kuanguka.

Katika mfano wetu, kijana alitumwa dukani. Alikaa saa moja na zaidi, na mwenye mali akalipa saa hiyo huku akinung'unika. Aliporudi na pingu mbili za tani 4¾, fundi mkuu alisoma alama zake, akaingiza pini kwa vidole, kisha akampa kijana akaze yeye mwenyewe.

"Sasa inua kidogo tu," akamwambia mwenye winchi, "kiasi cha kupitisha mkono. Kisha simama."

Injini ikainuka kiganja kimoja juu ya lori. Fundi akaizunguka, akatazama pingu zote tatu, akaona zimekaa katikati, hakuna iliyolala. Watu wote akawaondoa, hata mwenye mali, kisha akatoa amri.

Ile pingu ya zamani iliyopotewa na pini haikurudishwa sandukuni. Jioni kijana aliikata vipande viwili kwa moto, kama alivyoagizwa, na ndipo vipande vikatupwa penye vyuma vikuukuu. Pingu nzima ikitupwa hapo, kesho yuko mtu atakayeiokota, atie bolti.